Dada wa Mwanza anauliza: nikiingia kwenye dokumentari za jamii ntaishi, na kuna kitu kitabadilika kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mwanza, nalifupisha maana aliandika refu. Ana miaka 26, anapiga video za harusi na sendofu, mara mojamoja anapata kakazi ka shirika. Sasa anataka kufanya dokumentari kuhusu akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, wameambiwa watahamishwa. Anauliza aanzie wapi, kama hii kazi inalipa, na kama filamu inabadilisha kitu, maana alipowagusia wale mama mmoja wao alimjibu "walishakuja wazungu na makamera yao wakatupiga wakaondoka, sisi tupo hapahapa".

Mdogo wangu, naanza na huyo mama kwa sababu yeye ndo kakuuliza swali gumu kuliko yote uliyoniandikia. Na sio maneno ya hasira tu yale, Mwanza ina historia na kamera. Mwaka 2004 ilitoka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na wenyeji wanabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, na ikaachia wazo kwamba ndege hizohizo zinakuja na silaha. Duniani ilipokelewa vizuri sana, ilipata tuzo ya César Ufaransa na mwaka 2006 ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Huku nyumbani ikawa kesi nyingine. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaisema hadharani kwamba inaichafua nchi, Mwanza watu wakaandamana kuipinga, na mwandishi wa habari mmoja wa hapa aliyeonekana ndani ya ile filamu alipata misukosuko mikubwa wakati mwenye filamu yuko Ulaya.

Mimi ile filamu nimeiangalia mara nyingi na nafundishia. Ina picha zenye nguvu na ina swali la haki ndani yake, nani anakula samaki wa ziwa hili na nani anabaki na mifupa, hilo swali halijaisha mpaka leo. Lakini angalia watu wa Mwanza wamekaaje mule ndani. Dada anayejiuza, mlinzi, watoto wa mtaani wanavuta gundi, mama kwenye mapanki yenye funza. Wote wameonyeshwa wakiwa wanapatwa na mambo, karibu hakuna anayeonyeshwa akifanya kitu kuhusu hayo mambo. Mtu aliyekaa Paris anatoka ukumbini ameumia moyo, mtu wa Kirumba hapa Mwanza anatoka ameaibika. Na mwenye kuaibika ndo anabaki na majirani.

Sasa usije ukasema mimi ni mtoto wa hapahapa kwa hiyo hilo halinihusu. Linakuhusu. Nimeona vijana wetu wanapiga watu wao wenyewe kwa jicho lilelile, kamera inakimbilia mguu wenye kidonda na sufuria tupu, muziki wa huzuni chini, halafu namba ya kuchangia. Kuzaliwa Mwanza kunakupa lugha na njia za kupita, heshima itabidi uitafute mwenyewe.

Ndo maana mtu ambaye ntakushauri umsome kazi zake zote kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza, ni Dieudo Hamadi, mtengeneza dokumentari wa Kisangani, Kongo ya Kinshasa. Nakutajia yeye na sio majina makubwa ya Marekani kwa sababu alianzia mahali panafanana na pako, mji wa mkoani, mbali na mji mkuu, watu wanaongea Kiswahili na Lingala, umeme wa kubahatisha. Amezaliwa 1984, alisomea tiba kabla ya kuiacha akaingia kwenye warsha za filamu. Kazi zake za mwanzo zilikuwa fupi, moja alifanya na mwenzake Divita Wa Lusala kuhusu wazazi wa Kinshasa wanaozuiliwa wodini baada ya kujifungua kwa sababu hawajalipa bili. Hebu iwaze hiyo. Mahali pamoja, mlango mmoja, mama ana mtoto mkononi na anabembeleza apunguziwe deni, na mhasibu wa hospitali naye ana shida zake. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia mfumo wa afya umeharibika, unauona unaharibika mbele yako mezani.

Baada ya hapo akatoa Atalaku mwaka 2013, uchaguzi wa 2011 Kinshasa anauonyesha kupitia mchungaji anayekodiwa na wanasiasa kuwapigia debe. Mwaka 2014 akarudi Kisangani na Examen d'État, wanafunzi wanafukuzwa darasani kwa kukosa hela ya walimu, wanakodi nyumba wajisomee wenyewe kabla ya mtihani wa taifa. Mwaka 2017 Maman Colonelle, askari polisi Honorine Munyole anahamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuongoza kitengo cha kulinda watoto na kupambana na ukatili wa kijinsia. Na hapa nataka ukae utulie, kwa sababu hapa ndo unaona kazi ya maisha inajengwaje. Huyu askari alipofika Kisangani akakutana na wajane na wanawake waliobakwa kwenye vita ya siku sita, ile ya Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda wakipigana katikati ya mji wa watu wengine, zaidi ya makombora 6,000 yakaanguka, mamia ya raia wakafa. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita na wale watu hakuna aliyekuwa amewalipa hata senti, wengine hawana miguu.

Filamu moja ikamfungulia nyingine. Mwaka 2020 akatoa En route pour le milliard, chama cha wahanga wa ile vita wanachoka kusubiri, wanapanda boti kubwa la mizigo kushuka mto Kongo mpaka Kinshasa, karibu kilomita 1,700, watu wenye magongo na miguu ya bandia, mvua inapiga turubai, wanaenda kudai fidia yao serikalini. Cannes ikaichagua, filamu ya kwanza ya Kongo kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha lile. Na ukiiangalia hutoki unawaonea huruma. Utatoka unawajua. Wanagombana boti nzima, wanataniana, wanafanya igizo lao wenyewe jukwaani kuhusu yaliyowapata. Wana jambo wanalitaka na wameshaamua kwenda kulichukua, kamera imewafuata tu.

Hilo ndo jibu langu la "nianzie wapi". Usianze na suala la mwalo, tafuta mule mwaloni nani anataka kitu na anafanya nini ili akipate. Kuna mama ameshaandika barua halmashauri? Kuna wanaochangishana wapate wakili? Kuna ambaye kimyakimya ameshakubali kuhama na wenzake hawajui? Hapo ndo pana filamu. Ukiniambia "inahusu changamoto za wanawake katika sekta ya uvuvi" hiyo ni ripoti, nilishaisoma. Ukiniambia mama fulani ana wiki tatu za kushawishi kikao cha BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na mume wake ndo mjumbe wa upande wa pili, mimi nakaa chini nakusikiliza.

Na kamera usiende nayo siku za mwanzo, hata simu usiitoe mfukoni. Nenda asubuhi mitumbwi inaporudi, kaa nao wakati wanageuza dagaa juani, saidia kufukuza kunguru na mbuzi, uliza bei ya ndoo msimu wa mwezi mchanga na msimu wa mbalamwezi maana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza na mapato yote ya pale yanafuata mwezi. Ukishajua hiyo kalenda ndo utajua siku gani ya kupiga na siku gani hakuna mtu ana muda wa kuongea na wewe. Huyo mama aliyekujibu vile ndo wa kumrudia kwanza. Muulize wale waliokuja walifanya nini hasa, aliona alichopigwa? Aliambiwa kinaenda wapi? Majibu yake ndo masharti yako ya kazi.

Suala la idhini watu wengi wanalifanya kama karatasi ya kujilinda, mtu anawekewa fomu ya Kiingereza anatia dole gumba basi. Wewe andika fomu ya Kiswahili, isomwe kwa sauti, na Kisukuma pale inapobidi, umueleze kwamba hii inaweza kuonekana Zanzibar kwenye tamasha la filamu la ZIFF, inaweza kuonekana Ulaya, inaweza kuingia YouTube na jirani yake akaiona kwenye simu, mtoto wake akaiona baada ya miaka kumi. Idhini ya siku ya kwanza haitoshi, maana siku ya kwanza mtu hajui atakuja kusema nini. Ukishaediti nusu waonyeshe, kabla hujafunga kazi, na mtu akisema hiki kipande kitanivunjia ndoa yangu unakitoa hata kama ndo kipande chako kizuri kuliko vyote. Hapa najua kuna madairekta wenzangu hawakubaliani na mimi, wanasema mhusika akipewa rungu filamu inakufa. Kwa waziri au mwenye kiwanda nakubaliana nao kabisa, yule ana mamlaka na umma una haki ya kujua. Kwa mama wa dagaa sikubaliani nao hata kidogo.

Kuna njia nyingine pia, ya kumpa mhusika kamera. Mkulima wa Kitui, Kenya, Kisilu Musya, alipiga maisha yake mwenyewe kwa miaka, ukame na mafuriko na familia, akishirikiana na Julia Dahr wa Norway, ikatoka Thank You for the Rain mwaka 2017 na yeye akatajwa kama mwongozaji mwenza, sio "mhusika". Kuna vitu mkewe anamwambia usiku ambavyo prodyuza yeyote asingevipata hata akae mwaka. Simu za siku hizi zinatosha kwa hilo, mpe mama mmoja simu yenye nafasi na kamaiki kadogo, uone.

Tuje kwenye hela. Ntakuambia wazi, usiache harusi. Dokumentari moja ya kweli inakula miaka, na miaka hiyo unakula nini? Sam Soko wa Nairobi alianza na wazo la kavideo kafupi ka kuwasaidia wanaharakati waandamane vipi, akamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi, akaishia kukaa naye miaka mpaka kwenye uchaguzi wa 2017 Mwangi alipogombea ubunge Starehe akashindwa. Ikatoka Softie mwaka 2020, tamasha la Sundance la Marekani wakaipa tuzo ya uhariri. Na kitu kilichoifanya iwe kubwa kilikuja katikati ya safari, kwamba ile filamu ikawa ya mke wake Njeri kama ilivyo ya kwake, swali likawa mtu akiipenda nchi kiasi hicho familia yake inabaki na nini. Hilo usingelipata kwa wiki mbili za mradi wa shirika. Kwa hiyo harusi ndo zitalipa bando, nauli na chakula cha huo muda wote, na hakuna aibu hapo, harusi zimekufundisha kupiga tukio ambalo halirudiwi mara ya pili, na hiyo ni nusu ya ufundi wa dokumentari.

Fedha za nje zipo. Docubox ya Nairobi, aliyoanzisha Judy Kibinge, imetengenezwa kwa ajili ya dokumentari za Afrika Mashariki, anza hapo maana wanakuelewa bila kujieleza sana na wana mafunzo. Kuna Durban FilmMart ya Afrika Kusini unapeleka wazo lako mbele ya watu wenye fedha, kuna mfuko wa IDFA Bertha wa Amsterdam. Wote watakuomba vitu vilevile, kurasa chache za maelezo, bajeti, na dakika kama tano za futeji inayoonyesha kwamba unao watu na unaingia wanapoishi. Hizo dakika tano ndo silaha yako, zitengeneze kabla hujaandika chochote. Na akitokea mshirika wa nje anataka muungane, fedha zake ni njema, ila soma mkataba mstari kwa mstari, nani anamiliki futeji ghafi, nani ana neno la mwisho kwenye editi, na je una haki ya kuionyesha bure Tanzania bila kuomba ruhusa ya mtu. Hilo la mwisho lipiganie hata kama utapunguziwa hela. Nimeona filamu za watu wetu ambazo watu wetu hawajawahi kuziona kwa sababu haki zimefungiwa kwenye kabati la televisheni moja huko.

Kazi za mashirika fanya, zinalipa vizuri kuliko harusi, ila usizichanganye na filamu yako. Shirika linataka kuonyesha mradi wake umefaulu, wewe unataka kujua kinachotokea. Ukipiga vyote viwili kwa mhusika mmoja utamchanganya, hatajua leo umekuja na kofia gani, ataanza kukuambia anachodhani mfadhili anataka kusikia.

Sasa la uanaharakati. Mwanamke mmoja Mmarekani, Barbara Kopple, mwaka 1973 alikwenda Harlan, Kentucky, kwenye mgomo wa wachimba makaa ya mawe, akakaa na familia zao, alfajiri anatoka nao kwenda kuzuia malori, na kulikuwa na watu wenye bunduki upande wa pili, naye mwenyewe alipigwa. Kuna siku hata filamu ya kupigia ilikuwa imewaishia ila waliendelea kusimama na kamera, maana kamera ikiwepo wale wa bunduki walikuwa wanajizuia. Harlan County USA ikaja kuchukua Oscar mwaka 1977. Ninachotaka uone ni kwamba msaada wake wa kwanza ulitokea palepale, kabla filamu haijaisha, kwa kuwepo kwake. Uwepo wako mwaloni siku maofisa wanakuja na greda, na kamera iko wazi mkononi, hiyo ni harakati tayari. Na ina bei yake. Moses Bwayo, aliyemfuata na kamera kwa miaka Bobi Wine, mwanamuziki wa Uganda aliyegombea urais, alikamatwa, akapigwa risasi ya mpira usoni, na filamu yao ilipoteuliwa Oscar mwaka 2024 alikuwa anaishi uhamishoni. Mwalo wako sio uchaguzi wa Uganda, najua, lakini ardhi ya ufukweni ina wenyewe na ina hela, kwa hiyo futeji iwe kwenye hadidiski mbili zilizolala nyumba mbili tofauti, mtu mmoja unayemwamini ajue kila siku uko wapi, na karatasi zako ziwe sawa. Kibali cha Bodi ya Filamu, barua ya utambulisho, mwenyekiti wa mtaa ajue, uongozi wa BMU ujue. Usimpe mtu sababu ya bure ya kukuzuia.

Je filamu inabadilisha kitu? Turudi Kisangani. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na Kongo ikaunda mfuko maalumu wa kugawa fidia, makao yake Kisangani. Filamu ya Hamadi haikuleta hiyo hukumu, kesi ilifunguliwa 1999 na mwaka 2005 Uganda ilikuwa imeshakutwa na makosa, ni mawakili na miaka mingi ya karatasi. Lakini hela zikishafika zinagawiwa na watu, na watu wanasahau kwa urahisi sana nani aliumia, na wale wa kwenye boti sasa wana nyuso na majina ambayo hakuna ofisa anayeweza kusema hajawahi kuyasikia. Hicho ndo kiasi ambacho filamu inaweza na mimi naona ni kikubwa, ila usimuahidi mama wa dagaa zaidi ya hapo. Usimwambie filamu itazuia mwalo usihamishwe. Mwambie itabaki kumbukumbu ya mlichosema na mlichofanya, na kwamba utaipeleka mbele ya wanaoamua.

Na kuipeleka huko ndo kazi ambayo wengi wanaikimbia, wanatoka tamashani na picha za zulia wanaanza filamu nyingine. Wewe panga tangu sasa, kwenye bajeti yako iwemo projekta, jenereta na spika mbili. Onyesho la kwanza kabisa liwe palepale mwaloni usiku wa mbalamwezi, maana ndo usiku ambao mitumbwi haiendi ziwani na wanaume watakuwepo. La pili diwani na afisa uvuvi na mkurugenzi, wakae pamoja na wale mama chumba kimoja, taa zikiwaka mama aongee kwanza kabla yako. Halafu peleka mialo mingine, Ukerewe, Musoma, hata ng'ambo Kisumu, kwa sababu kinachowapata hawa kesho kitawapata wale. Tamasha lije katikati ya hayo au baada yake, litakusaidia kwa sababu ofisa anayesikia filamu imeonyeshwa Amsterdam anapokea simu haraka zaidi, lakini mwaloni ndo mwanzo.

Kuhusu vifaa uliuliza kidogo, kamera yako ya harusi inatosha. Hela yoyote ukipata nunua maiki nzuri ya shati na manyoya ya kuzuia upepo, ziwa lina upepo kuanzia mchana na picha mbaya watu watavumilia ila mama akiongea jambo zito na hasikiki umepoteza kila kitu. Droni achana nayo kwa sasa, inakusanya watoto, inatisha wenye eneo, na hakuna anayelia kwa picha ya juu.

Hizo dakika tano ukizipata nitumie, nitaziangalia na ntakuandikia kipande kwa kipande. Na huyo mama ukimrudia, mwambie ukweli kwamba wewe pia hujui itaishaje, halafu umuulize yeye angependa ianzie wapi.